Uzi: Mashine ya moyo na mapafu inaifanyia nini mishipa ya damu ya ubongo?

MlinziWaMashine

Habari zenu wakuu. Kwenye uzi mwingine humu kuna mjumbe kaandika kwamba mtu akishapitishwa kwenye "ile mashine" wakati wa upasuaji wa moyo, akili hairudi tena kama zamani. Wengine wakaongeza chumvi, mwisho ikawa mashine inakausha mishipa ya kichwa. Jibu langu lingekuwa refu kuliko uzi wenyewe, basi nimelifungulia uzi wake.

Kazi yangu ni kuendesha hiyo mashine. Daktari mpasuaji yuko kifuani, daktari wa usingizi yuko kichwani, mimi niko kwenye pampu. Nitaandika kwa vipande maana usiku nina zamu. Mwenye swali aulize hapo hapo, asisubiri nimalize.

Ili mpasuaji abadilishe valvu au azibe tundu, anahitaji moyo uliotulia na usio na damu ndani. Kwa hiyo damu inayorudi kutoka mwilini tunaipokea kabla haijaingia kwenye moyo. Mirija minene inaishusha hadi kwenye tangi la plastiki lililo chini ya usawa wa kitanda. Pampu inaitoa hapo na kuisukuma kwenye oksijeneta, ambayo ndani yake ni nyuzi nyembamba zenye uwazi katikati: gesi inapita ndani ya nyuzi, damu inapita nje, oksijeni inaingia na hewa ukaa inatoka. Humo humo kuna sehemu ya kupoza na kupasha damu. Kisha chujio, kisha mrija unaoirudisha damu kwenye aota, ule mshipa mkuu unaotoka juu ya moyo. Mtu mzima tunamsukumia kama lita 2.2 hadi 2.4 kwa dakika kwa kila mita ya mraba ya mwili wake, kwa wengi inaangukia lita 4 hivi.

Damu ikigusa plastiki inaganda. Ndiyo maana kabla ya kuanza mgonjwa anapewa heparini nyingi, yuniti 300 hadi 400 kwa kila kilo, na wengi wetu hatuanzi mpaka kipimo cha kuganda kipite sekunde 480. Mtu wa kawaida yuko kwenye 100 hivi.

Daktari wa kwanza kufanikiwa kupasua moyo kwa mashine hii ni John Gibbon, pale Philadelphia, Marekani, tarehe 6 Mei 1953. Alimfanyia binti wa miaka 18 aliyekuwa na tundu kati ya vyumba vya juu vya moyo, na mashine ikambeba dakika 26. Gibbon aliihangaikia tangu miaka ya 1930 pamoja na mkewe Mary, baada ya kukesha na mwanamke aliyekufa kwa bonge la damu kwenye mapafu. Waliofuata kwenye mashine yake walifariki, naye akasimamisha. Mwaka 1955 mpasuaji mwenzake John Kirklin, kule hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, akaichukua, akaiboresha, na kazi ikashika kasi. Kwetu upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na leo JKCI, yaani Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, wanaufanya kama kazi ya kila wiki.

Nakuja na ubongo.

KidaliPo

Tiririka mkuu, nimekaa siti ya mbele. Ila swali moja: moyo umesimama, mapafu hayapumui. Huyo si marehemu wa muda?

MlinziWaMashine

Hapana mkuu. Marehemu ni yule ambaye ubongo wake haupati damu, na huyu wa kwangu anaipata. Shida ni kwamba anaipata kwa namna ambayo mishipa yake haijazoea.

Ubongo ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unachukua karibu asilimia 15 ya damu yote inayosukumwa na moyo, na moja ya tano ya oksijeni. Akiba hauna. Kwa hiyo mishipa yake midogo imejifunza kujirekebisha: presha ikipanda inajibana, ikishuka inatanuka, ili damu inayoingia ibaki ile ile, kama mililita 50 kwa dakika kwa kila gramu 100 za ubongo. Vitabu vya zamani vinasema mishipa inaimudu kazi hiyo presha ya wastani ikiwa kati ya 50 na 150. Ikumbukeni hiyo 50, italeta ugomvi huko mbele.

Bwana mwingine wa mishipa hii ni hewa ukaa. Ikipanda kwenye damu, mishipa ya ubongo inatanuka, ikishuka inajifinya. Badiliko la milimita moja tu ya zebaki linabadilisha damu ya ubongo kwa asilimia 3 hadi 4. Na humo chumbani mwenye kushika kitasa cha gesi ni mimi. Nikiipitisha kwa kasi mno, hewa ukaa inaoshwa, mishipa inabana, ubongo unakosa damu, na wakati huo huo presha kwenye skrini inapendeza kabisa. Ukitaka kujua kwa nini nachukua sampuli ya damu kila baada ya muda mfupi, sababu ndiyo hiyo.

Sasa ongeza mambo ambayo mashine inayaleta yenyewe. Mirija haianzi mitupu, tunaijaza maji ya dripu, lita moja na zaidi. Yakichanganyika na damu ya mgonjwa, himatokriti, yaani asilimia ya damu ambayo ni chembe nyekundu, inaweza kushuka kutoka 38 hadi ishirini na kitu. Damu nyepesi inapita kwa urahisi lakini inabeba oksijeni kidogo, kwa hiyo mishipa ya ubongo inatanuka ili kufidia. Kufidia kuna mwisho wake. Pia pampu nyingi hazina mpigo. Damu inakwenda moja kwa moja, na ile ngozi ya ndani ya mishipa iliyozoea kuguswa na kuachiwa inabadilisha kemikali inazotoa, ikiwemo naitriki oksaidi inayotanua mishipa. Ubishi kuhusu mpigo kuwa na maana au kutokuwa nayo nimeukuta na nitauacha.

Halafu kuna plastiki. Damu inaiona ni adui. Kinga ya mwili inaamka, chembe nyeupe zinajibandika kwenye kuta za mishipa, na ule ukuta wa ulinzi kati ya damu na ubongo unalegea. Mwaka 1993 jarida la Lancet lilichapisha picha za MRI zilizopigwa ndani ya saa moja baada ya upasuaji: ubongo umevimba. Wagonjwa walikuwa wachache lakini picha zilieleweka. Uvimbe huo unashuka siku zinazofuata, na walio wengi hawaonyeshi dalili yoyote ya kuonekana kwa macho.

Mwanaisha_Tanga

Asante kaka. Mimi ni mlengwa wa uzi huu. Mama yangu, miaka 52, alibadilishiwa valvu ya mitrali, ile ya kati ya vyumba vya kushoto vya moyo, kawekewa ya chuma. Siku ya pili ICU alikuwa anaongea na bibi aliyefariki zamani, anavuta mipira, anasema manesi wanataka kumuuza. Baada ya siku kadhaa akatulia. Sasa ni mwezi wa tatu yuko nyumbani. Kupumua safi, ngazi anapanda. Ila anasahau. Anatia chumvi mara mbili. Akiswali anapotewa yuko rakaa ya ngapi, mpaka mdogo wangu akae pembeni. Majirani wamehitimisha kuwa ni mashine. Tulipouliza hospitali tukajibiwa ni umri. Miaka 52 ni umri gani wa kusahau rakaa?

MlinziWaMashine

Pole sana dada, na mama apone. Yale ya ICU na haya ya nyumbani tuyatenganishe, si kitu kimoja. Ya ICU namwachia nesi au daktari wa usingizi kama wapo humu. Mimi nieleze yanayotoka upande wangu wa chumba, yaani vipande vidogo vinavyosafiri na damu mpaka ubongoni.

Mwaka 1990 Dixon Moody na wenzake, Winston-Salem, North Carolina, walichunguza ubongo wa watu waliofariki muda mfupi baada ya kupita kwenye mashine, na wa mbwa pia. Walipaka rangi inayoonyesha mishipa midogo kabisa. Wakakuta kapilari na vishipa vinavyozilisha vimetanuka vipande vipande, vivimbe virefu vilivyo vitupu ndani, kwa hesabu ya mamilioni kwa ubongo mmoja. Ambao hawakupita kwenye mashine hawakuwa navyo kwa kiasi hicho. Vitupu kwa nini? Kwa sababu kilichokuwemo kiliyeyushwa na dawa za maabara. Baadaye ikaonekana kwa sehemu kubwa kilikuwa mafuta.

Mafuta yanatoka wapi? Mfupa wa kifua ukikatwa kwa msumeno, uboho wake una mafuta. Moyo wenyewe umezungukwa na mafuta. Vitone vinadondokea kwenye damu iliyotuama kifuani, na damu hiyo zamani tulikuwa tunainyonya kwa mrija na kuirudisha moja kwa moja kwenye tangi. Ukimulika tangi kwa tochi unaviona, vinang'aa juu ya damu. Chujio letu la mikroni 40 haliwezi kuvizuia vyote, kwa sababu tone la mafuta linajivuta, linapita, kisha linakwenda kukwama kwenye kapilari yenye upana wa mikroni 7 au 8. Mwaka 2000 kundi hilo la North Carolina lilitoa hesabu nyingine: kila saa ya ziada kwenye pampu iliongeza mzigo wa vivimbe kwa takriban asilimia 90.

Kwa hiyo siku hizi damu ya kifuani inapelekwa kwenye kifaa cha kuosha kwanza, au inamwagwa kama ni kidogo. Kuosha nako kuna gharama: chembe sahani na protini za kugandisha damu zinakwenda na maji, na mgonjwa anaweza kutoka damu zaidi baadaye. Hakuna siku ambayo uamuzi huu ni rahisi, na anayekuambia ni rahisi hajawahi kukaa kwenye hicho kiti.

NusuKaputi

Mlinzi umeandika vizuri, lakini umelikwepa langu makusudi. Presha.

Mimi ni daktari wa usingizi. Kuna watu bado wanaamini kwamba presha ya wastani ikiwa 50 kwenye pampu, ubongo uko salama kwa sababu kitabu kimesema 50. Hiyo 50 ni ya nani? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, wamepima mgonjwa mmoja mmoja akiwa kwenye mashine, kuona ni presha gani mishipa ya ubongo inaacha kujirekebisha na damu inaanza kushuka pamoja na presha. Wastani ulikuwa 66. Lakini kulikuwa na walioanza kushindwa kwenye arobaini na kitu na wengine kwenye 90. Mama mwenye presha ya kupanda ya miaka mingi, mishipa yake imekuwa minene, mipaka yake yote imehamia juu. Ukimpa 50 ya kitabu umemnyima damu bila kujua.

MlinziWaMashine

Daktari, nilijua utakuja. Haya, na ile ya Denmark utaiweka wapi?

NusuKaputi

Naiweka mezani, wajumbe waone wenyewe. Mwaka 1995 New York, wagonjwa 248 wa upasuaji wa mishipa ya moyo. Nusu waliwekewa presha ya 80 hadi 100 kwenye pampu, nusu 50 hadi 60. Wa presha ya juu walipata matatizo machache ukijumlisha ya moyo na ya ubongo. Sote tukashangilia. Mwaka 2018 Copenhagen, wagonjwa 197, wengine 70 hadi 80, wengine 40 hadi 50, na MRI kabla na baada. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa na vidonda vipya vidogo kwenye ubongo, kwenye makundi yote mawili. Presha haikuleta tofauti.

Mlinzi anapenda ya pili kwa sababu inamwachia nafasi. Lakini soma walichofanya: mtiririko wa pampu ulikuwa ule ule kwa wote, presha ikapandishwa kwa dawa ya kubana mishipa. Na lengo lilikuwa moja kwa kila aliyemo kwenye kundi, bila kujali mipaka ya mtu mwenyewe. Huo haukuwa utafiti wa hoja yangu.

MlinziWaMashine

Na mimi hoja yangu ni hiyo hiyo: ukipandisha namba kwa kubana mishipa hujampa mtu damu, umempa namba. Kwanza mtiririko, halafu himatokriti, halafu hewa ukaa, halafu ndiyo twende kwenye dawa yako.

NusuKaputi

Hapo tunakubaliana zaidi ya unavyojifanya. Na kwa wajumbe: vipande na presha havishindani, vinasaidiana kuharibu. Ubongo unalishwa na mishipa mikubwa kadhaa, na kati ya eneo la mshipa mmoja na la mwingine kuna ukanda wa mpakani unaopata kile kilichobaki. Kwa wanaotoka Uchagani, ni mashamba ya mwisho wa mfereji: maji yakipungua juu, ya kwanza kukauka ni hayo. Damu ikienda taratibu ukandani humo, hata kipande kidogo kilichoingia hakisukumwi kikatoka. Johns Hopkins mwaka 2006 waliangalia wagonjwa waliopata kiharusi baada ya upasuaji wa moyo. Wale ambao presha yao kwenye upasuaji ilishuka kwa 10 au zaidi chini ya ile waliyokuja nayo, uwezekano wa kidonda cha mpakani pande zote mbili ulikuwa mara nne hivi. Angalieni kipimo walichotumia. Walilinganisha mtu na presha yake mwenyewe, hawakuchukua namba ya kitabu.

Ndiyo maana mgonjwa wangu nikipata vifaa namwekea vibandiko viwili kwenye paji la uso. Vinapima oksijeni ya ubongo kwa mwanga, kushoto na kulia. Ikishuka kwa moja ya tano kutoka alipoanzia, kabla sijagusa dawa yoyote nafunua shuka na kutazama uso. Uso ukiwa umevimba, umekuwa wa zambarau, macho yamejaa, basi tatizo ni la kutoka siyo la kuingia: mrija unaopokea damu ya kichwa umekunjika au mpasuaji ameusukuma akitafuta nafasi. Damu inaingia kichwani haitoki. Presha ya mkononi inasoma 65 safi kabisa, lakini toa ile iliyorundikana kwenye vena, uone ubongo umebakiwa na ngapi. Namwambia mpasuaji, anasogeza mrija kidogo, namba inapanda ndani ya dakika. Hakuna dawa iliyotumika hapo.

KidaliPo

Kwa hiyo nyie mnabishana mtu akiwa kafunguliwa kifua?

NusuKaputi

Tunabishana asubuhi, kabla hajaingia, na chai mkononi. Akishaingia kila mtu anajua namba tuliyokubaliana.

BabaPacha

Wataalamu, mwanangu mmoja wa pacha ana tundu kati ya vyumba vya chini vya moyo, tumepangiwa upasuaji. Wameniambia watampoza mwili. Nimeshindwa kulala. Mtoto wa miezi saba kupozwa ubongo?

MlinziWaMashine

Baba, lala. Baridi hapo ni kinga. Ubongo ukipoa unatumia oksijeni kidogo, kwa kila nyuzi moja inayoshuka matumizi yanapungua kwa asilimia 6 au 7. Kwa tundu kama la mwanao kawaida tunashusha kiasi tu. Nyuzi 18, ambako pampu inaweza hata kusimamishwa kabisa kwa muda, ni kwa kazi nzito zaidi, kwa mfano kutengeneza upinde wa aota.

Kwenye baridi kali ndipo ile habari ya hewa ukaa inarudi. Gesi inayeyuka zaidi kwenye damu baridi, kwa hiyo namba ya hewa ukaa inaonekana kushuka. Kwa mtoto anayepozwa sana, madaktari wengi wanapenda tumwongezee hewa ukaa kidogo ili mishipa ya ubongo ifunguke na baridi ifike kila kona. Kwa mtu mzima hatufanyi hivyo, kwa sababu mishipa iliyofunguka inakaribisha na vipande vingi zaidi. Gesi ile ile, uamuzi tofauti.

Hatari ambayo haisemwi sana iko kwenye kupasha. Mrija wangu unarudisha damu karibu kabisa na mishipa inayopanda kichwani, kwa hiyo ubongo unapata joto mapema kuliko tumbo na miguu. Kipimo cha puani kinaweza kusoma 36 wakati ubongo umeshapita 37, na ubongo uliojeruhiwa kidogo ukipata homa jeraha linakua. Mwongozo wa vyama vya kitaalamu vya Marekani wa 2015 unasema damu inayotoka kwenye oksijeneta isizidi nyuzi 37. Mwisho wa upasuaji kila mtu amechoka, wote wanauliza "tumefika ngapi?", na jibu langu ni kwamba nitafika nikifika.

Ngalawa77

Na mwenye selimundu anafanyiwa? Nina binamu ana tatizo la valvu na selimundu juu.

NusuKaputi

Anafanyiwa, kwa maandalizi. Baridi, asidi na oksijeni ndogo ndivyo vitu vinavyozifanya seli zake zijikunje na kuziba mishipa midogo, na kwenye pampu vyote vitatu viko mlangoni. Kwa hiyo damu yake hubadilishwa kwa sehemu kabla, au mwanzoni mwa pampu, kupunguza himoglobini ya selimundu, na hatumpozi bila sababu. Aseme mapema. Mwenye himoglobini ya AS, yaani aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, naye aseme, hata kama hajawahi kuumwa.

Nesi_wa_Zamu

Nilikuwa nasoma kimya kimya. Dada Mwanaisha, yale ya mama kuongea na marehemu na kuvuta mipira tunayaona sana baada ya upasuaji wa moyo. Ni kuchanganyikiwa kwa muda. Dawa za usingizi, kukosa kulala, maumivu, ule uvimbe aliousema Mlinzi, taa zinazowaka saa 24, vyote vinachangia. Sisi tunawarudishia miwani yao, tunawaambia ni mchana au usiku, na tunaomba ndugu aje aongee naye kwa lugha ya nyumbani. Nimeona mzee aliyekuwa anapigana na kila mtu akatulia kwa mjukuu kumsalimia Kisambaa tu.

Jambo jingine ambalo ndugu hawalijui: kiharusi cha upasuaji wa moyo mara nyingi hakitokei mezani. Mgonjwa anaamka vizuri, anakunywa uji, halafu siku ya pili, ya tatu, mkono unalegea. Moyo unaanza kupiga ovyo, damu inatuama kwenye chumba cha juu, bonge linaundwa, linapanda kichwani. Hapo pampu imeshafunikwa shuka zamani.

MlinziWaMashine

Shukrani dada nesi. Sasa nijibu ile ya "akili hairudi".

Habari hiyo ilipata nguvu mwaka 2001, watu wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walipochapisha vipimo vya akili vya wagonjwa 261 wa upasuaji wa mishipa ya moyo. Wakati wa kuruhusiwa, asilimia 53 walikuwa wameshuka. Wiki sita, 36. Miezi sita, 24. Miaka mitano, 42. Watu wakaibeba ile 42 wakakimbia nayo. Mimi nikiiangalia naona jambo jingine kwanza: inashuka mpaka 24, maana yake wengi walirudi. Halafu miaka mitano baadaye inapanda tena. Mashine iliyotumika saa mbili mwaka wa kwanza inarudi kufanya nini mwaka wa tano?

Ola Selnes na wenzake wa Johns Hopkins waliuliza swali hilo kwa kuwafuatilia pia watu wenye ugonjwa huo huo wa mishipa ya moyo ambao hawakupasuliwa. Kwenye miaka ya mbele, makundi hayo yalishuka kwa mwendo unaofanana. Na Utrecht, Uholanzi, wagonjwa 281 waligawanywa kwa kura, wengine wakapasuliwa na mashine, wengine moyo ukiendelea kupiga bila mashine. Miaka mitano baadaye akili zao hazikutofautiana. Kinachokula kumbukumbu polepole ni kisukari, presha, sigara na mishipa iliyozeeka, vile vile vilivyoziba moyo. Mashine ina madhara, nimeyataja bila kuficha, lakini ni ya dakika, saa na wiki.

Ila hapa nina neno na watu wa kwetu wanaosoma tafiti hizo na kuzihamishia hapa. Wale walikuwa wazungu wa miaka sitini na kitu, aota imejaa magamba ya mafuta na chokaa, unaibana kwa koleo yanavunjika na kupanda kichwani. Wagonjwa wengi wa valvu kwetu, iwe JKCI, hospitali ya Tenwek kule Bomet, Kenya, au Mulago, Uganda, ni watu wa miaka 20, 30, 45. Waliugua mafindofindo utotoni, hayakutibiwa, homa ya rumatiki ikala valvu. Aota yao ni safi. Tatizo liko kwingine: chumba cha juu kushoto kimetanuka, moyo unapiga ovyo kwa miaka, pembeni kuna bonge la damu limejificha. Na kwa kuwa tumefungua moyo wenyewe, hewa imeingia.

Hewa ndiyo inayonitoa jasho, maana povu lake likipanda kichwani linaziba mishipa. Kabla ya kufunga tunamwaga hewa ukaa kifuani, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inaisukuma nje, na ikinaswa inayeyuka kwenye damu kwa urahisi mara zaidi ya ishirini. Kitanda kinainamishwa kichwa chini. Daktari wa usingizi anajaza mapafu ili hewa iliyojificha kwenye vena za mapafu itoke, huku anaangalia moyo kwa altrasaundi iliyopitishwa kooni. Moyo ukianza kupiga, vinukta vyeupe vinaruka kwenye skrini, mpasuaji anavitoa kwa tundu dogo kwenye aota, na hatuondoki mpaka vimeisha. Mara nyingine ni dakika kumi za kutazama tu. Hizo dakika kumi ni za ubongo, na mimi sina haraka nazo.

Mwanaisha_Tanga

Nimeelewa mengi. Sasa mama yangu je? Kusahau kwake ni kwa wiki au kwa maisha?

Nesi_wa_Zamu

Miezi mitatu bado ni mapema, wengi wanaendelea kurudi mpaka mwezi wa sita na zaidi. Lakini kabla ya kusema tusubiri, niambie mambo mawili. Mapigo yake yako sawa au yanaruka? Na kadi ya kliniki ya dawa ya kuyeyusha damu, INR ya mwisho, ile namba inayoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, imesoma ngapi?

Mwanaisha_Tanga

Mapigo sijui. Kadi ninayo hapa, imeandikwa 1.6. Ni ya wiki sita zilizopita, tulikosa tarehe kwa sababu ya msiba.

NusuKaputi

Valvu ya chuma kwenye mitrali tunataka 2.5 hadi 3.5. Kwa 1.6 bonge linaweza kujiunda kwenye valvu na kutupa vipande vidogo kichwani bila mkono kulegea, bila mdomo kupinda. Mtu anaonekana anasahau tu. Sisemi ndicho kilichotokea, nasema hatuwezi kukaa na swali hilo nyumbani.

Nesi_wa_Zamu

Dada, usisubiri tarehe ya kadi. Mpeleke leo hii kama unaweza, ikishindikana basi kesho alfajiri. INR, kipimo cha umeme wa moyo, na echo ya valvu, yaani altrasaundi ya moyo. Usibadilishe dozi mwenyewe. Kama kuna dawa ya kienyeji anakunywa, itaje, hata kama mama atakukonyeza. Na daktari mwambie neno kwa neno ulivyotuambia sisi, chumvi mara mbili na rakaa. Ukisema "amebadilika" tu, utajibiwa tena ni umri.

Mwanaisha_Tanga

Tunatoka sasa hivi. Mdogo wangu kaenda kuita bajaji. Dawa ya kienyeji ipo, nimeikuta chini ya kitanda kwenye chupa ya maji. Naibeba.